Kabla ya Kununua Kamera Nyingine

Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Miaka hiyo kamera za ulinzi zilikuwa mambo ya migodi mikubwa na mabenki. Sasa zimefungwa kwenye kuta za nyumba za Kahama, Katoro, Ushirombo na Shinyanga mjini, na sababu iko wazi: fedha ya dhahabu inazunguka mikononi mwa watu wa kawaida. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, mchimbaji mdogo, mnunuzi, mwenye karasha la kusaga mawe na wakala wa fedha za simu wote wana siku wanayorudi nyumbani na kitu, au siku ambayo wengine wanaamini wamerudi nacho. Kamera hununuliwa kwa ajili ya usiku wa siku hiyo. Malalamiko yanayofuata baada ya tukio yanafanana: mtu ameonekana akiruka ukuta, amevuka ua, amefika mlangoni, lakini uso wake ni doa la kijivu. Papo hapo inaamuliwa kwamba kamera ni mbovu, na familia inashauriwa kununua nyingine yenye megapikseli nyingi zaidi. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo mara nyingi si sahihi. Sehemu kubwa ya ukungu tunaouona hutokea baada ya kamera kutoka dukani. Huletwa na vumbi la mahali hapa, na sehemu kamera ilipofungwa, na mipangilio ya mashine ya kurekodia, na kukosa mtu wa kuiangalia. Kamera mpya ikifungwa palepale kwa mipangilio ileile itatoa picha ileile.

Picha husafiri njia ndefu kabla ya kufika machoni petu. Mwanga hupita kwenye kava, ukaingia kwenye lenzi, ukapokelewa na kihisi, ukageuzwa kuwa data inayopita kwenye waya, ikabanwa na kuandikwa kwenye diski, kisha ikatumwa kwenye simu. Ukungu unaweza kuingia popote kwenye safari hiyo, na kila mahali huacha alama yake. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba anaweza kujiuliza maswali matatu. Je, picha ni mbaya mchana na usiku, au usiku tu? Ni kamera moja au zote? Ukiangalia moja kwa moja kwenye skrini ya mashine picha ni nzuri, lakini rekodi ya jana ni mbaya? Kamera moja ikiwa mbaya saa zote, tatizo liko kwenye kava, lenzi au waya wake. Zikiwa mbaya zote kwa pamoja, angalia umeme au mashine. Picha ya moja kwa moja ikiwa nzuri na rekodi mbaya, acha kabisa kuigusa kamera, kwa sababu kosa limo kwenye kurekodi. Maswali haya hayana gharama yoyote, na bado watu wengi hutoa laki kadhaa bila kuyauliza.

Tuanze na vumbi, kwa maana hapa vumbi si jambo dogo. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba, barabara nyingi za ndani ya makazi ni za udongo, na malori, pikipiki na upepo huliinua vumbi mchana kutwa. Penye uchimbaji, kama Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, makarasha yanayosaga mawe na malundo ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, huongeza vumbi la aina nyingine. Dhahabu ya ukanda huu iko kwa kiasi kikubwa kwenye mishipa ya mawe ya kwazi, na jiwe likisagwa, kwazi huwa unga unaoruka. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi ina 7, wakati kioo cha kawaida kina kama 5.5, na plastiki ya kava za kamera ni laini kuliko vyote viwili. Mtu anayepanda ngazi na kitambaa kikavu akasugua kava kwa nia njema anaikwangua kwa unga mgumu kuliko kioo. Siku ya kwanza picha itang'aa kidogo. Baada ya mwaka wa kusugua hivyo, kava imejaa mikwaruzo midogo isiyoonekana mchana, na usiku kila mkwaruzo hushika mwanga na kuutawanya. Hapo ndipo watu husema kamera imezeeka. Iliyozeeka ni kava, na imezeeka kwa sababu ya namna ilivyosafishwa. Utaratibu sahihi ni rahisi: vumbi lipeperushwe kwanza kwa brashi laini au pampu ndogo ya hewa, kava imwagiwe maji safi kidogo kidogo hadi mchanga wote utoke, ndipo ipanguswe taratibu kwa kitambaa laini kilicholowa, kama kile cha miwani. Nyumba iliyo jirani na karasha inahitaji kazi hiyo kila wiki wakati wa kiangazi. Na anayenunua sasa achague kamera ndefu yenye kioo bapa mbele badala ya ile ya kuba la plastiki, kwa kuwa kioo hustahimili mikwaruzo vizuri kuliko plastiki na hubaki kimefichwa ndani ya kofia yake.

Usiku vumbi hilohilo huleta madhara makubwa zaidi, na wengi hawajui kwa nini. Kamera nyingi za nyumbani huona gizani kwa taa zake za infraredi, ambazo jicho la binadamu halizioni au huona wekundu hafifu tu. Taa hizo zimezunguka lenzi kwa umbali wa sentimita chache. Punje za vumbi kwenye kioo, uzi wa buibui uliopita mbele yake au mjusi aliyelala kwenye kofia, vyote humulikwa kwa nguvu kuliko mtu aliye mita kumi. Kamera hudhani kuna mwanga mwingi, hupunguza upokeaji wake, na ua mzima hugeuka giza huku mbele kukiwa na wingu jeupe. Ukuta uliopakwa chokaa au ubao wa dari ulio karibu na kamera hufanya vivyo hivyo. Dalili ya kosa hili ni kwamba picha huwa safi mchana na nyeupe usiku. Buibui hupenda kukaa pale kuwinda wadudu, na kwenye makazi ya kando ya Ziwa Victoria, upande wa Nkome na Chato, wadudu hawa ni wengi mno. Balbu ya kawaida ikifungwa mita tatu au nne kutoka kwenye kamera, upande wa geti, huwavuta wadudu mbali na lenzi na wakati huohuo humwangazia mgeni. Ukungu unaoonekana alfajiri tu na kupotea jua likipanda ni unyevu ulioingia ndani kupitia mpira wa kuzibia uliokatika au tundu la waya lililoachwa wazi. Huo hutibiwa kwa kukausha, kuziba upya na kuweka ndani kipakiti cha kufyonza unyevu.

Lakini hata kamera safi kabisa inaweza kushindwa kuonyesha uso, na hapa ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote, kosa la mahali pa kuifunga. Wataalamu wa kamera za ulinzi hupima uwezo wa picha kwa idadi ya pikseli zinazoangukia kwenye kila mita moja ya eneo linalotazamwa. Kiwango cha kimataifa kilichozoeleka, IEC 62676-4 katika toleo lake la mwaka 2014, husema pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu, 125 zinatosha kumtambua mtu unayemfahamu tayari, na 250 zinahitajika ili kumtambua mtu usiyemjua bila shaka yoyote. Chukua kamera ya kawaida ya megapikseli 2, ambayo picha yake ina upana wa pikseli 1920, yenye lenzi ya milimita 2.8. Lenzi hiyo huona upana mkubwa, zaidi ya nyuzi 100. Mita kumi mbele yake inatazama eneo lenye upana wa mita 26 hivi, ambayo ni pikseli 70 na kitu kwa mita. Utajua mtu amevaa koti, hutajua ni nani. Ili kufikia pikseli 250, mtu huyo anapaswa kuwa mita tatu tu kutoka kwenye kamera. Nyumba nyingi zina kamera ya aina hii chini ya paa, mita nne juu, ikitazama ua mzima hadi getini. Mwenye nyumba hufurahi kuona kila kona kwenye skrini moja. Alichonunua ni uwezo wa kujua kwamba ameibiwa.

Wapo watakaojibu kwamba hii ndiyo sababu ya kununua megapikseli nyingi. Hesabu inasema vinginevyo. Kamera ya megapikseli 8 ina upana wa pikseli 3840, yaani mara mbili ya ile ya 2. Kwa lenzi hiyohiyo ya milimita 2.8, umbali wa kumtambua mtu unapanda kutoka karibu mita tatu hadi karibu mita sita. Kamera ileile ya bei nafuu ya megapikseli 2, ikiwekewa lenzi ya milimita 6, inafika kama mita nane. Tena kwenye kamera za bei ya kati pikseli nyingi hubanwa kwenye kihisi chenye ukubwa uleule, kila pikseli inakuwa ndogo, inapokea mwanga kidogo, na gizani picha hujaa chengachenga. Kwa hiyo fedha itumike kwenye kugawa kazi: kamera moja pana ya juu kwa ajili ya kujua kinachoendelea, na nyingine yenye lenzi nyembamba kwa geti au mlango, ikiwa mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, ili kofia isifiche uso. Atakayesema ya chini itavunjwa ana haki ya kuogopa, ila anayeisogelea ili aivunje anakuwa ameshaipa sura yake, na ya juu inamwona. Kuna jambo jingine la mahali petu. Geita na Shinyanga ziko karibu na ikweta, kati ya nyuzi 2 na 4 kusini, na jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama magharibi bila kuhama sana mwaka mzima. Kamera inayotazama moja ya pande hizo itapigwa na jua machoni asubuhi au jioni miezi yote. Inapowezekana ielekezwe kaskazini au kusini. Na isielekezwe kwenye dirisha la jirani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na lenzi nyembamba inayotazama geti lako pekee inakuepusha na ugomvi huo pia.

Mwendo nao huchafua picha. Gizani kamera hurefusha muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, mara nyingi hadi sehemu moja ya 25 ya sekunde. Katika muda huo mtu anayetembea kawaida amesogea sentimita tano hadi sita, na bodaboda inayokwenda kilomita 30 kwa saa imesogea sentimita 33. Herufi za namba ya pikipiki zinapakana zote. Fundi anaweza kufupisha muda huo kwenye mipangilio, lakini picha itakuwa giza, na njia ya kweli ni kuongeza mwanga. Kati ya marekebisho yote yanayotajwa hapa, balbu ya LED ya wati kumi getini ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Sasa tufike kwenye diski, ambako ukungu hutengenezwa na mazungumzo ya mteja na fundi. Mteja husema anataka rekodi za mwezi mzima. Fundi ameleta diski ya terabaiti 1 na kamera nne. Kamera moja ya megapikseli 2 inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde, kiwango kinachofaa kwa mfumo wa kubana video wa H.264, hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hujaza 172, na diski inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Ili itoshe siku 30, kila kamera inabaki na chini ya megabiti 0.8 kwa sekunde, yaani chini ya moja ya tano ya data iliyohitaji. Fundi hupunguza, mteja huangalia, na picha inaonekana nzuri. Inaonekana nzuri kwa sababu ua ni mtupu. Mfumo wa kubana video huhifadhi mabadiliko kati ya fremu moja na nyingine, na kitu kisichosogea kinahitaji data kidogo sana. Mtu akipita mbio, mabadiliko yanakuwa mengi, data iliyoruhusiwa haitoshi, na picha inavunjika kuwa vipande vya mraba. Rekodi inakuwa safi usiku wote ambao hakuna kilichotokea, kisha inaharibika katika sekunde zile kumi zilizokuwa sababu ya kununua kamera. Nalitaja kosa hili kwa msisitizo kwa sababu halionekani siku ya kukabidhiana kazi, na kwa sababu kamera hubebeshwa lawama ambazo si zake. Masuluhisho yapo: tumia mfumo wa H.265, ambao kwa ubora unaokaribiana huhitaji kama nusu ya data. Rekodi mfululizo kwa kamera ya geti na kwa mwendo tu kwa nyingine. Nunua diski kubwa. Au kubali siku kumi nzuri badala ya thelathini mbovu. Angalia pia kama mashine imewekwa kwenye 1080N, kiwango kinachotumia nusu tu ya pikseli za upana. Mashine nyingi za bei nafuu huandikwa 1080 kwenye boksi na kurekodi hivyo.

Kuhusu waya na umeme, nitasema kwa ufupi. Nyaya nyingi za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba, na hizo hupoteza nguvu zaidi kuliko shaba halisi. Kamera ya volti 12 inayotumia nusu ampea, ikiwa mita 50 kutoka kwenye adapta kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, hupoteza karibu volti 1.7, kwa alumini iliyopakwa hasara inazidi volti 2.5. Mchana kamera inavumilia. Usiku taa za infraredi zinapowaka inahitaji umeme mwingi zaidi, picha huanza kucheza, kuingia mistari au kuzimika na kuwaka. Penye makarasha yaliyounganishwa kwenye transfoma moja na makazi, mota kubwa zikiwashwa umeme hushuka kwa ghafla, na adapta dhaifu ndiyo ya kwanza kushindwa. Adapta yenye uwezo wa kutosha na kifaa cha kutunza umeme kwa mashine vinatatua mengi. Na mistari inayopanda na kushuka polepole chini ya taa mara nyingi ni mpangilio wa hezi 60 ulioachwa kama ulivyotoka kiwandani. Umeme wetu ni wa hezi 50.

Simu nayo husingiziwa na kusingizia. Programu za simu hufungua kwanza mkondo mdogo, wenye pikseli chache, ili kuokoa bando. Anayetazama ua wake wa Kahama akiwa Mwanza anaona picha hiyo ndogo na kusema kamera haioni. Abonyeze alama ya HD, au afungue rekodi kwenye mashine yenyewe. Mtandao dhaifu huathiri anachokiona mbali na hauigusi rekodi iliyo kwenye diski au kadi, hata kwa zile kamera za sola za laini ya simu zinazofungwa mashambani. Baya zaidi ni desturi ya kurekodi skrini kwa simu baada ya tukio na kuisambaza WhatsApp. Kila hatua inabana picha upya, na kinachofika kwa polisi ni nakala ya nakala, wakati asili ikiendelea kufutwa na rekodi mpya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa kuaminika kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa. Rekodi asili itolewe kwenye flashi ikiwa na tarehe na saa sahihi, mapema. Programu zinazodai kusafisha sura kwa akili mnemba zisitumike kabisa kwa kazi hii: pikseli zisizokuwepo hazirudi, programu hubuni uso unaofanana na uso wa mtu, na mtu asiye na hatia anaweza kukamatwa kwa uso uliobuniwa.

Kuna mapingamizi mawili yanayostahili jibu la heshima. La kwanza ni kwamba soko limejaa kamera bandia, zilizoandikwa 4K wakati kihisi ni cha megapikseli 2. Ni kweli, na kwa kamera hizo utunzaji wote huu utafika ukomo. Hata hivyo, udanganyifu huo hugunduliwa kwa majaribio yaleyale: safisha, washa taa, weka mkondo mkuu, ongeza data, kisha tazama. Ikiwa bado uso wa mtu aliye mita mbili mchana haueleweki, hapo ndipo kamera ina hatia. Pingamizi la pili ni kwamba huku ndiko sungusungu, walinzi wa jadi wa wananchi, walikoanzia, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba jirani anayejibu yowe ana thamani kuliko kifaa chochote. Nakubali kwa moyo wote. Kamera haimzuii mtu wala haikimbii kumfuata. Kazi yake ni kuwaambia wanaoitika yowe wanamtafuta nani, na hapo picha ya ukungu ina hatari ya pekee, kwa sababu watu wenye hasira wakiona doa la kijivu kila mmoja hulipatia sura ya mtu anayemshuku. Kwa ajili hiyo ubora wa picha si anasa ya wenye fedha. Unagusa usalama wa kijana yeyote mwenye koti linalofanana na lile la kwenye video.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye nyumba ni moja. Usimmalizie fundi malipo mchana. Mwambie arudi usiku, taa za ndani zikiwa zimezimwa, mtu mmoja avae kofia na atembee haraka kutoka getini hadi mlangoni, kisha mfungue rekodi, siyo picha ya moja kwa moja, na muulize mtu asiyemfahamu kama angemtambua kesho sokoni. Jibu likiwa hapana, kazi haijaisha. Na Agosti, vumbi likiwa limekolea, rudieni jaribio hilohilo.